Moshi wa Lubumbashi, krimu ya Moshi

Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita wima juu ya Lubumbashi, na hupita tena mwezi wa Februari. Februari mawingu ya mvua hulipunguza makali. Oktoba hakuna wa kulipunguza: kiangazi bado hakijaisha, na mji umekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ya kuchuja miali ni nyembamba kuliko ile ya Mombasa au Matadi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kila ukipanda mita 1,000 miali ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mama anayeuza nyanya mtaa wa Hewa Bora anaijua hesabu hiyo bila kipimo chochote. Amefunga mwavuli kwenye kijiti na kuhama nao kivuli kinapohama. Mtu mwenye ualbino hata chini ya mwavuli huo hayuko salama, maana sehemu kubwa ya miali hiyo haitoki kwenye jua moja kwa moja. Hutawanywa na anga yote, ikaingia kwa pembeni.

Mji huohuo umejengewa tanuri la kutoa mojawapo ya unga mbili zinazoaminiwa kuliko zote duniani kwa kuzuia miali hiyo. Unga wenyewe ni oksidi ya zinki. Nduguye ni dioksidi ya titani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopitia upya vichujio vya jua vilivyoko sokoni, ilipendekeza hivi viwili tu vihesabiwe kuwa salama na vyenye kufanya kazi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 25 ya krimu. Vingi vya vilivyobaki vilitakiwa kuleta ushahidi zaidi. Na hapa kwetu oksidi ya zinki ilipangwa kutoka kwa maelfu ya tani kwa mwaka, kutoka kwenye kile kilima cheusi cha mabaki kinachoonekana karibu kila upande wa mji.

Ndiyo maana mara kwa mara nasikia hoja hii, hasa kwa vijana waliosoma kemia: zinki ni yetu, jua ni letu, mbona krimu tunaagiza? Hoja ni nzuri na imekosea mahali pamoja, mahali ambapo safu hii itakaa kwa muda. Wengi hudhani kikwazo ni ule udogo wa chembe, kwamba kuzisaga hadi kufikia nanomita ni siri ya mataifa makubwa. Udogo tunao, na tumekuwa nao tangu mwaka 1911 tanuri la kwanza la shaba lilipowashwa hapa. Tulichokosa ni usafi.

Nianze na udogo, kwa kuwa una uzuri wake.

Chembe ya oksidi ya zinki humeza miali kwa asili yake. Elektroni zake zinahitaji msukumo wa nguvu fulani ili ziruke ngazi, na msukumo huo hupatikana kwa mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 370 hivi. Hapo ndipo ilipo miali inayounguza ngozi na sehemu kubwa ya ile inayoizeesha. Mwanga tunaouona, kuanzia nanomita 400, hauna nguvu ya kutosha kuzirusha elektroni, kwa hiyo hauliwi. Lakini kutoliwa hakumaanishi kupita salama. Chembe yenye ukubwa unaokaribia nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 200 hadi 300, huutawanya mwanga huo kila upande, na macho huona weupe. Rangi nyeupe ya ukutani hutegemea jambo hilohilo. Ukishusha chembe chini ya nanomita 100, mtawanyo hupungua sana, weupe hufifia, na ulaji wa miali hubaki.

Kwa ngozi nyeusi na ya kahawia jambo hili ndilo linaloamua kama krimu itatumika au itakaa kabatini. Krimu yenye chembe kubwa humwacha mtu na rangi ya majivu usoni. Nimeona wataalamu wa ngozi wakilichukulia hili kama urembo tu, kitu cha kuvumilia kwa ajili ya afya. Sikubaliani nao. Dawa inayomfanya mtu achekwe njiani haitumiki, na isiyotumika haikingi. Dioksidi ya titani ina kasoro hii zaidi, kwa sababu hupinda mwanga kwa nguvu kubwa kuliko zinki. Nguvu hiyohiyo imeifanya kuwa mfalme wa rangi nyeupe za nyumba. Ina pia kasoro ya pili: ikimeza miali huamsha kemikali kali juu ya uso wake, ambazo zinaweza kuharibu mafuta ya krimu yenyewe. Dawa yake ni kuivika kila chembe koti jembamba la silika au alumina. Zinki nayo huvikwa.

Sasa, unaipataje chembe ya nanomita 50? Ukiuliza mtu wa migodini atakutajia kinu cha mipira ya chuma. Kinu hicho hufika mikromita moja kwa taabu. Kuteremka zaidi kunakula umeme mwingi, chembe zilizovunjika huanza kushikana tena, na mipira yenyewe huchakaa na kuuachia unga chuma kinachougeuza rangi. Ugumu huu ni wa hesabu. Gramu moja ya oksidi ya zinki iliyosagwa hadi mikromita moja ina uso wa jumla wa mita ya mraba moja hivi. Gramu hiyohiyo ikiwa na chembe za nanomita 50 ina mita za mraba zipatazo 21, sawa na sakafu ya sebule ya kawaida. Uso wote huo lazima uulipie nguvu, na kinu ni mlipaji mbaya.

Njia ya akili ni kuijenga chembe kutoka chini badala ya kuivunja kutoka juu. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 tu, joto dogo kwa watu waliozoea kuyeyusha shaba. Mvuke wake ukikutana na hewa huwaka kwa mwali wa kijani na buluu, na moshi unaobaki ni oksidi yenyewe, nyeupe na nyepesi, ikiganda hewani kama masizi ya koroboi yanavyoganda darini, ila nyeupe. Moshi huo hupozwa na kupitishwa kwenye mifuko mirefu ya kitambaa, ukakamatwa hapo. Ukianza na zinki safi, njia hii huitwa ya Kifaransa. Ilienea Ufaransa katika miaka ya 1840, fundi rangi wa majumba Leclaire alipotafuta rangi nyeupe isiyowaua mafundi wake kwa sumu ya risasi. Ukianza na mawe au mabaki yaliyochanganywa na koki, ukaitoa zinki kama mvuke papo hapo, huitwa njia ya Kimarekani. Ipo pia njia ya maji: unayeyusha zinki kwa asidi, unaitenga kwa soda ikawa kabonati, kisha unaichoma taratibu. Hii ya mwisho ndiyo inayotoa chembe ndogo kuliko zote na zinazolingana zaidi.

Tanuri la Lubumbashi ni la ukoo wa Kimarekani. Mradi wa kilima cha mabaki, uliojulikana kama GTL na STL, uliunganisha OM Group ya Marekani, kampuni ya George Forrest na shirika la madini la taifa, Gécamines, na uzalishaji ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mabaki yale yalitokana na kuyeyusha hasa mawe yaliyochimbwa Kipushi, mgodi uliofunguliwa mwaka 1924 kilomita 30 hivi kutoka hapa, wenye shaba na zinki kwa pamoja. Wayeyushaji wa enzi ya kampuni ya kikoloni ya Union Minière walitaka shaba. Zinki na kobalti walizimwaga kama taka. Tanuri kubwa la umeme lilijengwa kuyeyusha taka hiyo upya pamoja na koki. Kobalti na shaba huzama chini, zinki hupaa. Mpango wa awali ulikuwa tani 5,000 za kobalti, tani 3,500 za shaba na tani 15,000 za oksidi ya zinki kila mwaka. Leo STL ni mali ya Gécamines.

Tuliweke hilo kando ya hitaji. Mtu mwenye ualbino anayejipaka uso, shingo na mikono mara mbili kwa siku, kwa unene unaotumika kupimia krimu hizi (miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba), anahitaji gramu 20 hivi kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 7.3. Krimu ikiwa na asilimia 20 ya oksidi ya zinki, mtu huyo anatumia kilo moja na nusu ya unga kwa mwaka mzima. Watu 1,000 wanatumia tani moja na nusu. Tanuri lililopangwa kutoa tani 15,000 kwa mwaka hutoa kiasi hicho kwa muda usiofika saa moja.

Hesabu hii ndiyo inayowapandisha watu mori, na ndiyo inayowadanganya. Unga unaotoka kwenye mifuko ile haufai kupakwa mtoto.

Joto linalopaisha zinki hupaisha na wenzake. Risasi hupaa. Kadimi hupaa mapema kuliko zinki. Germani hupaa ikiwa oksidi au salfidi, na mawe ya Kipushi yana germani kuliko karibu mahali pengine popote. Lipo hata jiwe lililotambuliwa huko na kupewa jina la renieriti, lenye germani ndani yake. Wote hawa husafiri pamoja katika moshi mmoja. Tena kuna jambo ambalo wanaopenda kulisifia neno “nano” hulisahau: moshi unapopoa, metali hizi huganda juu ya uso wa chembe zilizokwisha kujengeka, na kwa kuwa chembe ndogo ndizo zenye uso mwingi kwa kila gramu, hizo ndizo zinazobeba sumu nyingi. Mfuko wa mwisho, wenye unga laini kuliko wote, ndio mchafu kuliko yote. Anayechukua unga wa tanuri la mabaki na kuuchekecha akitafuta chembe ndogo kwa ajili ya krimu anaikusanya risasi kwa bidii.

Oksidi ya zinki ya daraja la dawa hutakiwa iwe safi kwa asilimia 99 na zaidi, na risasi ihesabiwe kwa makumi machache tu ya sehemu katika milioni. Umbali kati ya unga wa mfukoni na daraja hilo hauvukwi kwa ungo. Unavukwa kwa kuyeyusha yote katika asidi, kuitoa kila metali kwa zamu yake, kisha kuijenga chembe upya kutoka kwenye majimaji safi. Hapo ndipo udogo unapokuja wenyewe kama zawadi: ile njia ya maji niliyoitaja, inayosafisha, ndiyo hiyohiyo inayotoa chembe za makumi ya nanomita. Anayesafisha vizuri amepata na udogo.

Na hatuwezi kusema kwamba kazi ya namna hiyo haiwezekani hapa, kwa kuwa imeshafanyika. STL imejenga kiwanda cha kuchakata kwa asidi, na mwaka 2024 ilitoa nje shehena yake ya kwanza ya makinikia ya germani chini ya makubaliano na kampuni ya Umicore ya Ubelgiji. Yaani mmoja kati ya wale wasafiri wa moshi ametengwa, amepakiwa na ameuzwa. Ametengwa kwa sababu ana bei kubwa, kwa kuwa germani hutakiwa kwa nyaya za mwanga za mawasiliano na lenzi za kuona usiku. Risasi na kadimi hazina mnunuzi wa kuzishangilia, kwa hiyo kuzitoa ni gharama tupu mpaka mtu aseme anataka zinki safi na yuko tayari kuilipia.

Kipushi yenyewe imerudi. Mgodi ulisimama mwaka 1993, na Juni 2024 kampuni ya Ivanhoe pamoja na Gécamines wakaanza tena kutoa makinikia, kutoka kwenye mwamba uitwao Big Zinc wenye zinki asilimia 30 na kitu. Makinikia hayo huyeyushwa nje ya nchi. Kiwanda cha zinki cha Kolwezi, kilichoanza kazi mwaka 1953 na kuwahi kutoa zinki ya metali kwa umeme, kimenyamaza kwa miaka mingi. Kwa anayetaka njia ya Kifaransa, ile inayoanza na zinki safi, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote: tunachimba zinki lakini hatuna kipande cha zinki cha kuchemsha.

Niseme kidogo kuhusu pua zetu, kwa sababu haki haitendeki ukisifia unga laini katika mji huu bila kuzitaja. Bomba refu la tanuri la shaba lilipumua chembe hizi juu ya Lubumbashi kwa zaidi ya miaka 80. Upepo unaotawala hapa hutoka kusini-mashariki, na chembe zilitua upande wa kaskazini-magharibi mpaka udongo ukakataa miti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikwenda Penga Penga, mtaa wa upande huo, kujaribu kuotesha nyasi zinazovumilia shaba ili angalau vumbi lishikwe. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo hichohicho, pamoja na wenzake wa Leuven, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga vikionyesha kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana. Fundi wa kuchomelea mageti anayekata bomba la bati la zinki kando ya barabara, bila barakoa, naye hutengeneza oksidi ya zinki ya kiwango cha nanomita, ya njia ya Kifaransa kabisa, na kuivuta. Jioni hupata homa, baridi, kiu na ladha tamu ya metali mdomoni. Kesho yake au keshokutwa inapita, na watu humpa maziwa ambayo hayatibu kitu. Ikiwa ndani ya krimu, kwenye ngozi nzima, chembe hiyo haina madhara ya namna hiyo. Brian Gulson wa Australia alichapisha mwaka 2010 jaribio ambamo watu walipakwa ufukweni krimu yenye zinki ya isotopu maalumu, ili aweze kuitofautisha na zinki ya mwili. Iliyopenya hadi kwenye damu ilikuwa kidogo mno. Kwa sababu hiyo Ulaya huruhusu unga huu kwenye krimu na kuukataa kwenye dawa za kupuliza. Kiwanda chochote cha unga laini kitakachojengwa hapa kipimwe kwanza kwa mifuko yake ya kuchujia na kwa mapafu ya wafanyakazi wake. Krimu ije baadaye.

Basi tuanzie wapi? Mimi ningeanzia ncha mbili zilizo mbali, na kuziacha zikutane zenyewe.

Ncha ya kwanza ni krimu bila zinki yetu. Huko Moshi, chini ya Kilimanjaro, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko kwenye hospitali ya KCMC kimekuwa nyumbani kwa utengenezaji wa Kilisun, krimu ya jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mfamasia Mhispania Mafalda Soto Valdés ndiye aliyeisukuma, kampuni ya BASF ya Ujerumani ikasaidia katika fomula na vichujio, na shirika la Standing Voice likaibeba hadi kliniki za mikoani. Baadhi ya wanaoitengeneza wana ualbino wenyewe. Vichujio vyake havikuchimbwa Kilimanjaro. Na hilo halikuwazuia, kwa sababu sehemu ngumu ya krimu ni kuzisambaza chembe ndani ya mafuta zisishikane, kuhakikisha kopo la leo linafanana na la mwezi ujao, na kumfundisha mtu kujipaka ya kutosha, kwa kuwa wengi hujipaka robo au nusu ya kipimo. Kitivo cha famasia cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kujifunza yote hayo kwa tani moja na nusu ya unga ulionunuliwa, wenye cheti na koti lake la silika. Mamlaka ya dawa, ACOREP, ingekuwa na kitu cha kukagua. Leo madukani, mafuta ya kuchubua ngozi ni rahisi kuyapata kuliko ya kuikinga, na kila aliyejichubua amejiongezea hatari ya jua hilohilo.

Ncha ya pili ni kauri, na hapa ndipo zinki ya kilima inapoweza kupata kazi mapema, hatua kwa hatua.

Vigae vya sakafuni hupakwa glezi, tabaka la kioo linaloyeyuka juu ya udongo tanurini. Oksidi ya zinki kwenye glezi husaidia mchanganyiko kuyeyuka juu ya nyuzi 1,000, huzuia nyufa ndogondogo na huongeza mng'ao. Haihitaji nanomita, mikromita moja inatosha, mradi unga ulingane. Inavumilia chuma kidogo kwenye rangi za kahawia. Risasi haivumiliwi kwenye sahani ya chakula, lakini unga uliosafishwa nusu njia, usiofaa dawa, unaweza kuwa halali kabisa kwenye kigae cha ukuta. Mnunuzi hayuko mbali kama zamani: Saphir Ceramics inatengeneza vigae Maluku, Kinshasa, na Twyford inavitengeneza Chalinze kwa ajili ya Tanzania na majirani. Viwanda hivi huhitaji pia zirkoni iliyosagwa laini ili kuupa weupe uso wa kigae, na kwenye pwani ya Afrika Mashariki kuna funzo la kusikitisha. Base Titanium ilichimba mchanga wa Kwale, nchini Kenya, kuanzia mwaka 2013, ikatoa ilmenaiti, rutile na zirkoni, malighafi za unga mweupe wa titani na za glezi. Vyote vilipakiwa melini Likoni, na Desemba 2024 uchimbaji ukaisha. Kwale haikuwahi kuwa na kinu cha kusagia zirkoni yake.

Kobalti nayo ni ya hapahapa. Rangi ya buluu ya sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, pwani ya Tanzania, ni kobalti. Hapo mwanzo wafinyanzi wa China waliipata Uajemi. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kwenye mkoa huu na jirani yake Lualaba, na sijaona kigae cha buluu kilichotengenezwa Lubumbashi.

Udongo wenyewe tunao pia, na msafishaji wake ni mchwa. Vichuguu vikubwa vinavyoonekana kila mahali kuzunguka mji ni kazi ya Macrotermes falciger, mdudu anayebagua chembe kwa chembe na kupandisha juu udongo mfinyanzi kutoka chini. Watafiti wa Lubumbashi na Ghent walipima umri wa baadhi na kukuta kimoja kilichohamwa kina zaidi ya miaka 2,000. Wafyatua matofali wa pembezoni mwa mji wanavikata kwa sababu udongo wake hushika bila kuongezwa kitu. Kwa kigae unahitaji kuuchuja zaidi, na njia ni ya wafinyanzi wa kale: koroga ndani ya maji, acha mchanga utue, mimina maji ya juu. Chembe ya mikromita mbili huchukua saa nane hivi kushuka sentimita kumi tu, kwa hiyo mwenye subira na ndoo anatenganisha kile ambacho kinu hakiwezi. Wanawake wa Makwacha, nje ya Lubumbashi, wanaojulikana kwa kupaka kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi, hawahitaji kuelezwa tofauti ya udongo laini na udongo wa kukwaruza.

Baada ya glezi inakuja ngazi ninayoitamani zaidi. Juu ya nguzo nyingi za umeme kuna kifaa kidogo cha kuzuia radi, na ndani yake vimepangwa vidonge vyeusi, kimoja juu ya kingine. Ni kauri ya oksidi ya zinki iliyotiwa bismuthi kidogo na oksidi nyingine, kobalti ikiwemo. Mjapani Michio Matsuoka ndiye aliyeieleza kwa kina katika machapisho ya mwaka 1971. Kila mpaka kati ya punje mbili za zinki hukataa kupitisha umeme mpaka msukumo ufike volti 3 hivi. Ukizidi, mlango hufunguka ghafla, radi ikaenda ardhini, na mlango ukajifunga. Punje zikiwa za mikromita 10, unene wa milimita moja una mipaka kama 100, yaani volti 300. Kila kitu hutegemea punje kulingana. Moja ikikua kupita wenzake, umeme hupitia hapo na kidonge hupasuka. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani, na laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi za kulindwa. Vidonge hivi vinadai unga safi karibu sawa na wa krimu.

Hapo ndipo ncha zinapokutana. Kusafisha tani moja na nusu ya zinki kwa ajili ya krimu hakuna mhasibu atakayekubali. Krimu peke yake haijengi kiwanda cha asidi. Vigae, raba za matairi ambazo ndizo mla oksidi ya zinki mkubwa kuliko wote, na vidonge vya radi kwa shirika la umeme SNEL na migodi yenyewe, hivyo kwa pamoja vinaweza kukijenga. Siku mstari huo utakapotoa mfuko wa kwanza wenye risasi chini ya kipimo, ofisi ya ukaguzi ya taifa, OCC, ikiwa imeupima na maabara ya pili, isiyojua jibu la kwanza, ikiwa imeupima tena, watu wa krimu watakuwa na fomula yao tayari na orodha ya kliniki zao, na watabadilisha muuzaji wa malighafi kwa barua moja.

Kwa wale wa krimu nina ombi moja la ziada, litakalowagharimu kidogo. Itieni krimu oksidi za chuma, nyekundu na njano, zilizosafishwa kwa ajili ya vipodozi na si udongo uliochotwa ukutani. Huondoa ule ujivu usoni kwa watu wa rangi zetu, na huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao kwa ngozi ya kahawia huchochea madoa meusi kwa namna ambayo zinki peke yake haiwezi kuizuia. Tengenezeni rangi tatu au nne, mojawapo ya wenye ualbino, na wauzaji wa sokoni wazijaribu usoni kwao kabla ya daktari yeyote kuzipitisha.